Re: PhD ya utamaduni ukiwa na MA ya Kiswahili

Dada, umeuliza kama MA ya Kiswahili inatosha kuombea PhD ya utamaduni hapa Kenya. Inatosha, mradi mada yako iguse utamaduni kweli, mi mwenyewe nilitoka fasihi nikaingia na nyimbo za harusi za Lamu. Hesabu miaka 3 kwa uchache, na anza kuandika mapema kwa sababu miongozo ya 2014 ya CUE, tume inayosimamia vyuo vikuu Kenya, ilitaka makala 2 kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu na jarida laweza kukukalia na makala miezi na miezi. Proposali ikipita usikimbilie fildi, chukua kwanza kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, halafu upite kwa kaunti na kwa chifu.

Ila kazi yenyewe iko kwenye kunukuu rekodi, yaani kuandika neno kwa neno ulichorekodi. Bibi mmoja aliniimbia dakika 10 tu, nikakaa nazo siku mbili narudisha neno moja mpaka nikamrudia kumuuliza, kumbe ni pambo la kitanda cha bibi harusi, na sura nzima ya tasnifu ikatoka hapo. Tafuta msimamizi anayeijua hiyo jamii yako kabla hujalipa hata shilingi.