Maswali Yenu: Tambi, Piza na Saa Moja ya Mapumziko Mjini Tanga

Wafanyakazi wa maeneo ya Posta, mabenki, mahakama na bandari hapa Tanga wameanza kuweka sahani ya tambi au kipande cha piza mahali pa wali na maharage ya kila siku, na barua zinazonifikia zinaonyesha kwamba mapenzi hayo mapya yameambatana na manung'uniko mengi. Nimechagua maswali yanayofaa kujibiwa hadharani. Yale yanayojirudia kila mwezi nimeyajibu kwa ufupi, na waulizaji wataniwia radhi.

Swali: Spageti ninayopika nyumbani hutoka vizuri, lakini ninayokula mchana mjini huwa laini kama uji wa mgonjwa. Kosa liko wapi? (Karani wa benki, Chumbageni)

Yako imepikwa ukiwa tayari kuila, na ya mgahawani imepikwa saa nne asubuhi. Mpishi huchemsha pakiti kadhaa kwa mpigo, huzichuja, huzimwagia mafuta ya kula ili zisishikane, kisha huziacha kwenye beseni chini ya kitambaa mpaka wateja watakapoanza kumiminika saa saba. Ukiagiza, huchota konzi moja, huitupa katika kikaango chenye sosi, huigeuza mara mbili tatu na kukupakulia. Kwa saa zote hizo tambi zimeendelea kunyonya unyevu na kuvimba, na yale mafuta yamezipaka utelezi unaozuia sosi isizishike, ndiyo maana hubaki dimbwi jekundu chini ya sahani baada ya kumaliza kula.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Gramu 100 za tambi zinahitaji lita moja ya maji yanayotokota kwelikweli na chumvi ya gramu 10 hivi. Mafuta hayatiwi. Tambi huopolewa dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, kisha humalizikia ndani ya sosi pamoja na upawa wa yale maji ya kuchemshia, ambayo wanga wake huifanya sosi iwe nzito na ing'ang'anie. Kazi yote huchukua dakika kumi na mbili hivi. Kwa hiyo mgahawa unaokuletea spageti dakika tatu baada ya kuagiza umekuletea kiporo, na haupaswi kusifiwa kwa wepesi wa huduma.

Nitaongeza jambo ambalo hukuuliza. Tambi zilizochemshwa na kuachwa kwenye joto la Tanga kuanzia saa nne hadi saa nane ni makao mazuri ya bakteria aitwaye Bacillus cereus, yule yule wa wali uliolala nje, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kupashwa moto. Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au kiingie kwenye jokofu mapema. Lasanya, zile tambi bapa zinazopangwa kwa matabaka na sosi, ni habari nyingine, kwa kuwa hiyo hupangwa na kuokwa kabla na haiharibiki kwa kungoja kidogo ikiwa ya moto, na ningependa kuiona zaidi kwenye migahawa yetu ya mchana.

Mwisho, tazama pakiti. Tangu mwaka 1967 sheria ya Italia inataka tambi kavu zinazotengenezwa huko ziwe za ngano ngumu, ile yenye punje za rangi ya kaharabu. Pakiti nyingi za bei ya chini madukani kwetu ni za ngano laini, na hizo hulegea hata mpishi akiwa hodari.

Swali: Piza ya nanasi ni ya Kiitalia?

Hapana. Ilianzia Kanada mwaka 1962, kwa mhamiaji wa Kigiriki. Ukiipenda, ile bila kuomba ruhusa.

Swali: Shikamoo mwandishi. Tuna saa moja tu ya mapumziko, na Ijumaa wenzetu wanakwenda msikitini. Tukiwa sita ofisini tufanyeje ili tule vizuri na turudi kwa wakati? (Mtumishi wa umma)

Marahaba. Tatizo lenu ni lile neno sita. Watu sita huketi meza moja na kuagiza vyakula sita tofauti kwenye jiko lenye mafiga manne ya gesi, halafu humlaumu mhudumu. Kubalianeni juu ya aina mbili, pigeni simu saa sita na nusu, semeni mtafika saa ngapi, na mseme wazi kwamba tambi zitumbukizwe majini mkiwa mmekwisha kuketi. Mwenye mgahawa mwenye akili atawashukuru, kwa sababu sufuria moja inaweza kutoa sahani tatu za aina moja kwa muda ule ule wa sahani moja.

Mkiwa na haraka zaidi, chagueni kilicho cha haraka kwa asili yake. Sosi ya spageti ya kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili huwa tayari kabla tambi hazijaiva. Piza ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90, lakini hiyo ni katika tanuri la kuni lenye nyuzi 430 na kuendelea. Katika oveni ya gesi isiyovuka nyuzi 250, ambayo ndiyo tuliyo nayo wengi, tarajieni dakika nane hadi kumi. Nimeshangaa siku zote kwamba mji wenye watu wanaojua kuoka mkate wa ajemi kwenye ukuta wa tanuru umeshindwa kuwakabidhi watu hao hao unga wa piza. Ufundi wa wapishi wa piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2017, na kiini cha ufundi huo ni unga uliolala ukaumuka polepole, mkono mwepesi na moto mkali, mambo ambayo mwoka ajemi wa Ngamiani hahitaji kufundishwa upya.

Kuhusu kutumiwa chakula kwa bodaboda: piza hustahimili safari fupi, tambi hazistahimili. Zikifungiwa kwenye kontena la foili hujipika kwa mvuke wao wenyewe njia nzima. Anayeagiza tambi kwa bodaboda asiniandikie kulalamika.

Swali: Naweza kuweka tomato sosi ya chupa juu ya spageti?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko yote. Ile ina sukari na siki kwa ajili ya chipsi. Nyanya za Lushoto zimejaa Soko la Mgandini. Kaanga kitunguu saumu, zikatie humo, tia chumvi na majani machache ya mrehani, acha zichemke robo saa.

Swali: Niliagiza karbonara nikaletewa spageti yenye malai na vipande vya nyama nisiyoijua. Mimi ni Mwislamu. Je, nina haki ya kuuliza? (Msomaji, Makorora)

Una haki, tena una wajibu kwa nafsi yako. Karbonara ya Roma ni mayai, jibini ya maziwa ya kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Malai hayamo kabisa. Migahawa mingi ya pwani, kwa kuwajua wateja wake, huweka kuku wa moshi au nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, nami sina ugomvi na ubadilishaji huo ikiwa orodha inasema hivyo kwa maneno yanayosomeka. Ninayemlaumu ni yule anayeandika jina tupu na kumwachia mteja kubahatisha. Uliza pia kuhusu salami na soseji zilizokatwa duara juu ya piza, kwa kuwa nyingi zinazotoka nje huchanganya nguruwe na ng'ombe, na uliza kama kisu na kikaango ni vile vile. Jibini ya Parmigiano Reggiano nayo hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, jambo ambalo wanazuoni wana rai tofauti juu yake, basi kwa hilo mwulize sheikh wako.

Jingine ni la usalama. Mayai ya karbonara huivishwa na joto la tambi zilizotoka majini wakati huo huo. Mgahawa wa beseni niliouelezea hapo juu hauwezi kufanya hivyo, kwa hiyo ama huongeza malai ili kuficha, ama hukulisha mayai mabichi. Mahali ambapo hujaona tambi zikichemshwa, karbonara usiiguse.

Swali: Je, ni kweli kwamba jibini haitiwi kwenye tambi za samaki? Na Tanga tutumie nini kwenye mapishi hayo?

Waitalia wengi hawaitii, kwa kuwa chumvi na ukali wa jibini hufunika ladha ya bahari. Swali lako la pili ndilo linalonifurahisha, kwa sababu hapa ndipo mji wetu ungeweza kuwashinda wengine wote, na badala yake ninaona kwenye orodha za mchana tuna wa kopo. Tuna wa kopo, katika mji ambao samaki hushushwa kwenye soko la Deep Sea kila asubuhi!

Ngisi ndiye wa kwanza. Mkate pete, mtupe kwenye kikaango cha moto sana kwa dakika mbili, basi. Akipita hapo huwa mpira, na kumrudisha katika ulaini itakubidi umchemshe kwa zaidi ya nusu saa. Pweza ni kinyume chake: huchemshwa taratibu kwa muda mrefu asubuhi, akakatwa vipande na kungoja kwenye jokofu, jambo linalomfaa sana mpishi wa mchana kwa kuwa kazi ngumu imekwisha kabla ya saa saba. Kamba waingie mwisho kabisa, na maganda yao yachemshwe na nyanya kwanza, kisha yachujwe, kwa maana utamu mwingi umo ndani yake. Nazi pia sitaikataa, ingawa haitakuwa tena Kiitalia.

Unapomnunua samaki wa sosi, mshike. Pwani hii imeumizwa sana na uvuvi wa baruti, na samaki aliyeuawa kwa mlipuko mara nyingi nyama yake hulegea na mifupa yake huwa imevunjika ndani. Mwache na umwambie mwuzaji kwa nini umemwacha.

Swali: Jibini ya piza inayovutika inapatikana wapi? Ya mgahawa wetu haivutiki, inatoa mafuta tu. (Katibu muhtasi)

Hiyo huenda si jibini. Kuna vitu vilivyokunwa na kufungwa kwenye mifuko, vinavyotengenezwa kwa mafuta ya mimea na wanga, navyo hutoa jasho la mafuta badala ya kuyeyuka. Mwombe mhudumu akuonyeshe mfuko. Akikasirika, umepata jibu. Mkoa wetu una ng'ombe wa maziwa na una milima yenye baridi, na Shamba la Irente kule Lushoto limejulikana kwa jibini yake kwa miaka mingi, basi mpishi wa Tanga asitueleze kwamba hana pa kununua. Kumbuka tu kwamba mozarela mbichi, ile inayoelea kwenye maji yake, haidumu ila siku chache, na lazima ichujwe maji kabla ya kuwekwa juu ya piza, la sivyo katikati patakuwa kidimbwi.

Swali: Kapuchino baada ya chakula ni kosa?

Kwa Waitalia ndiyo. Maziwa ni ya asubuhi. Kwako ni suala la tumbo lako. Kahawa chungu ya kikombe kidogo ingekufaa zaidi, na wauza kahawa wa buli wa mitaani kwetu wanaijua vizuri kuliko mashine nyingi za mjini.

Swali: Sahani moja ya spageti huuzwa kwa bei ya pakiti tano za dukani. Huu si wizi?

Inategemea kilichomo. Unalipia pia gesi, pango, mishahara, umeme, na VAT pale mwenye biashara aliposajiliwa. Ukiona mafuta ya zeituni halisi, jibini ya kweli na ngisi wa leo, lipa bila kinyongo. Ukiona nyanya tupu na tambi za beseni, unalipia viti na kiyoyozi. Kwa vyovyote vile dai risiti ya mashine. TRA wamekwisha kutuimbia: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na bado watu wazima wenye shahada huondoka na kikaratasi cha mkono.

Swali: Nina mtaji mdogo na nimepata chumba karibu na mahakama. Nataka kuuza chakula cha mchana cha Kiitalia. Nianze na vyakula vingapi? (Mjasiriamali, Mabawa)

Sita, wala usizidi. Nimesoma kwenye mji huu orodha za kurasa nane zenye piza, biriani, chapati za kujaza, kuku wa Kichina na aiskrimu, zikitoka kwenye jiko ambalo watu wawili hawawezi kupishana, na beseni la tambi huzaliwa humo, kwa sababu mwenye vyakula sitini hana budi kuviandaa vyote asubuhi na kuomba Mungu viuzike.

Anza na spageti ya nyanya na mrehani, ambayo iwe ya bei nafuu ili karani wa kawaida aweze kuila mara mbili kwa wiki. Weka tambi za ngisi au pweza kulingana na kilichoshuka asubuhi hiyo, na kikikosekana kifute ubaoni. Weka lasanya ya nyama ya ng'ombe, ambayo itakuokoa siku ya msongamano kwa kuwa iko tayari, na piza mbili tu, moja ya nyanya na jibini na nyingine ya mboga za Lushoto. La sita liwe saladi ya nyanya, vitunguu na maharage meupe kwa wasiotaka kusinzia mezani saa tisa. Andika kwa chaki, si kwa plastiki, na andika nyama ni ya nini. Nunua sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, na maji yaanze kuchemka saa sita na nusu. Usiwe na mtungi mmoja tu wa gesi, kwani huisha saa saba na robo, meza zote zikiwa zimejaa.