Miezi miwili bila kupiga kitu: nilivyoanza ngumi uani Mabatini

Mimi ngumi nilianza kwa kujiumiza. Nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, Mwanza, huku juu kwenye mawe, na Septemba 2018, bondia wetu Hassan Mwakinyo alipomchapa Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, mtaa mzima tuliamka mabondia. Nikatafuta salfeti, nikaijaza mchanga wa ziwani, nikaining'iniza kwenye kenchi ya kibaraza. Ngumi ya tatu tu, kifundo cha mkono kikateguka. Mchanga unashuka na kujishindilia, kwa hiyo salfeti juu laini, chini jiwe. Wiki tatu nilikula ugali kwa mkono wa kushoto, na kwa mama mwenye nyumba hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kenchi yake.

Aliyeniokoa ni mzee jirani aliyecheza ngumi ujanani. Aliutazama mkono uliovimba, akacheka. "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "umeanzia mwisho." Akanikataza kupiga kitu chochote kwa miezi miwili. Niliona ananibania. Leo kila anayeniuliza namwambia hivyohivyo: ukijifunza peke yako nyumbani, piga hewa kwanza.

Kazi ya miezi hiyo ni miguu. Kama wewe ni wa mkono wa kulia, mguu wa kushoto unatangulia, upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, kisigino cha nyuma kimeinuka. Kidevu chini, ngumi mashavuni, viwiko vinalinda mbavu. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio unaanza. Ukirudi, wa nyuma. Ukienda kushoto, wa kushoto. Haipishani kamwe. Mzee alinichorea alama mbili za mkaa sakafuni, mahali pa kila mguu. Naenda hatua tatu, narudi tatu, natazama chini: miguu imebanana kama askari kwenye gwaride! Ilinichukua karibu mwezi kurudi na upana uleule. Ukitaka kujipima, mwambie mtu akusukume begani bila kukuambia lini.

Tafuta sehemu tambarare, jambo ambalo kwetu wa milimani si dogo. Kuruka kamba kwenye mteremko ni kuita kuteguka mguu. Kamba yenyewe usihangaike nayo. Mimi nilinunua kipande cha manila sokoni Mwaloni Kirumba. Kanyaga katikati, ncha zifike kwapani, basi, inakutosha.

Ngumi ya kujifunza kwanza ni jebu, ile ya mkono wa mbele. Inatoka shavuni moja kwa moja, kiwiko hakitanuki, na mwishoni ngumi inageuka hadi kiganja kitazame chini huku bega likifunika kidevu. Pumzi itoke kwa kifupi, "sss". Halafu irudi shavuni kwa njia ileile. Hapo kwenye kurudi ndipo wengi tunapoharibu: mkono unarudi kiunoni kama unatafuta mfuko wa suruali. Mimi nilibana kitambaa kati ya kidevu na bega la mbele. Kikidondoka, najua kidevu kimeinuka. Ngumi ya mkono wa nyuma inafuata baadaye, na nguvu yake inaanzia kisigino kinachogeuka, inapita nyongani.

Kukwepa nilijifunzia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ifunge usawa wa bega, ipite chini kushoto, inuka, pita kulia, huku ukisogea mbele. Unakunja magoti, huinamishi mgongo, na macho yanabaki mbele. Jumamosi wanawake wa nyumba nzima wanafua, mazoezi hakuna.

Tumia saa ya simu. Mabondia wa kulipwa wanaume wanapigana dakika 3, wanapumzika 1. Wewe anza na dakika 2, raundi nne. Zinatosha kabisa, utaona.

Miezi miwili ilipoisha ndipo nikatengeneza begi jingine, safari hii nikajaza vitambaa vya mitumba vilivyokatwakatwa. Bandeji ni lazima hata kama una glovu: mita 4 na nusu hivi kwa kila mkono, zipite kifundoni na juu ya vifundo vya vidole. Kidole gumba kikae nje ya ngumi, na utue kwa vifundo viwili, cha shahada na cha kati. Ukitua upande wa kidole cha mwisho, mfupa wake ndio unaovunjika.

Kupigana na mtu bila mwalimu, hapana. Mdogo wangu alinishawishi tucheze "taratibu tu" pale uani. Taratibu haikufika hata dakika. Meno yake yapo yote, lakini mama yetu hadi leo anauliza nani alianza.