Kura 34,000, vyama saba: hesabu ya uchaguzi wa Visiwa vya Faroe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Denmark na nafanya kazi na jamaa anayetoka Visiwa vya Faroe. Tukizungumza siasa za kwao huwa ananiacha njiani. Anasema uchaguzi wao wa Desemba 2022 ulikuwa na vyama saba, chama chake kikapata asilimia 2.7 na kutoka mikono mitupu, halafu serikali ikaundwa na wasoshalisti, wapigania uhuru na wapenda soko huria, wote meza moja. Watu wenyewe hawafiki 60,000! Vyama vyote hivyo vya nini, na viti vinagawanywaje?

JIBU: Marahaba. Jamaa yako amekueleza sawasawa, ila amekuruka hatua mbili tatu. Nianze na viti, kwa sababu hapo ni hesabu tu.

Visiwa hivi vinajitawala ndani ya ufalme wa Denmark. Bunge lao linaitwa Løgting na lina viti 33. Tangu uchaguzi wa Januari 2008 visiwa vyote vimekuwa jimbo moja. Kabla ya hapo yalikuwapo majimbo saba, na idadi ya wabunge ilikuwa inapanda na kushuka kati ya 27 na 32, kwa sababu viti vya nyongeza viligawiwa kusawazisha matokeo. Sasa kura za nchi nzima zinamiminwa chungu kimoja, na kila chama kinachota viti kwa uwiano wa kura zake. Sharti ni kwamba chama kipate angalau sehemu moja ya thelathini na tatu ya kura, yaani asilimia 3.03.

Kwa asilimia uliyotaja, chama cha jamaa yako ni Sjálvstýri, chama cha kujitawala. Mwaka 2022 kura zilikaribia 34,000. Zigawe kwa 33 upate kama 1,030. Sjálvstýri kilipungukiwa na kura mia moja na kitu. Hiki ni chama kilichoanzishwa 1906, mwaka uleule wa mpinzani wake wa jadi, Sambandsflokkurin, chama cha Muungano. Hawa wawili ndio waliofungua siasa za vyama visiwani, na mmoja wao akajikuta nje ya mlango kwa idadi ya watu wanaoenea kwenye mabasi mawili.

Wengine waligawana hivi: Javnaðarflokkurin, yaani wasoshalisti wa kidemokrasia, viti 9, Muungano 7, Fólkaflokkurin, chama cha wananchi, 6, Tjóðveldi, chama cha jamhuri, 6, Framsókn, chama cha maendeleo, 3, na Miðflokkurin, chama cha kati, 2. Tazama hao wawili wa mwisho. Framsókn walipata asilimia 7.5, Miðflokkurin 6.6. Pengo lao halifikii asilimia moja, yaani kama kura 300, lakini mmoja alipata kiti kimoja zaidi ya mwenzake. Ndiyo maana kampeni za kule ni za nyumba kwa nyumba.

Jambo jingine ambalo huenda jamaa yako hakulitaja kwa kuwa kwake ni la kawaida: mpiga kura anaweza kuweka alama kwenye chama, au kwenye jina la mgombea mmoja wa chama hicho. Chama kikishajua kina viti vingapi, wanaokaa ni wale waliopigiwa kura nyingi wao wenyewe. Kwa hiyo mgombea hashindani na chama pinzani tu. Anashindana pia na wenzake wa orodha moja. Na ingawa jimbo ni moja, kisiwa hakijasahauliwa. Suðuroy, kisiwa cha kusini kabisa, bado kinafikiwa kwa feri ya takribani saa mbili kutoka Tórshavn, mji mkuu, wakati visiwa vingine vikubwa vimeunganishwa kwa njia za chini ya bahari. Ya kisiwa cha Sandoy, yenye urefu wa karibu kilomita 11, ilifunguliwa Desemba 2023. Chama kisichoweka mtu wa Suðuroy kwenye orodha yake kinajua kimeziacha kura za huko zimwendee nani.

Sasa, vyama vyote hivyo vya nini? Ukimuuliza Mfaroe kama yuko mrengo wa kulia au wa kushoto, umeuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni: unataka tubaki na Denmark au tujitenge? Kila jibu la swali la kwanza linaweza kuoanishwa na kila jibu la pili, na jozi zote nne zina chama chake. Anayetaka soko huria na kubaki na Denmark anaenda Muungano. Wa soko huria na uhuru, Fólkaflokkurin. Wa kushoto asiye na haraka ya kujitenga, Javnaðarflokkurin. Wa kushoto na jamhuri huru, Tjóðveldi. Vyama vinne, na hakuna kati yake kinachoweza kukimeza kingine, kwa sababu anayekubaliana nawe kuhusu kodi anapingana nawe kuhusu bendera.

Swali hilo la pili si la nadharia. Septemba 1946 walipiga kura ya maoni, na waliotaka kujitenga walipata asilimia 48.7 dhidi ya 47.2, nyingine zikiwa tupu au zimeharibika. Mfalme wa Denmark akalivunja Løgting, uchaguzi ukarudiwa Novemba, na safari hii waliopinga kujitenga wakashinda. Suluhu ikawa sheria ya kujitawala iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1948, na mwaka huohuo walioona wameporwa ushindi wakaanzisha Tjóðveldi. Mjadala ulirudi kwa nguvu baada ya uchaguzi wa 1998, chini ya waziri mkuu wa Faroe, Anfinn Kallsberg. Denmark ikasema mkijitenga ruzuku yetu inaondolewa ndani ya miaka minne, si kumi na mitano kama mnavyoomba. Kura ya maoni iliyopangwa 2001 ikafutwa.

Vyama vidogo vina habari zao. Framsókn, kilichozaliwa 2011, ni cha wanaotaka uhuru wa nchi pamoja na uhuru wa mtu binafsi, soko huria likiwamo. Miðflokkurin, cha mwaka 1992, kinasimamia maadili ya Kikristo, na kwa maoni yangu ndicho kinachoonyesha kwamba lipo na swali la tatu, la dini. Mwaka 2016 Løgting lilipitisha ndoa za jinsia moja kwa kura 19 dhidi ya 14, na mgawanyiko ule hukuweza kuuelewa kwa kuangalia kodi wala uhuru.

Swali hilohilo ndilo lililoangusha serikali ya 2019. Bárður á Steig Nielsen wa Muungano aliongoza mseto wa viti 17, idadi ya chini kabisa inayotosha, viwili vikiwa vya Miðflokkurin. Novemba 2022 alimfuta kazi waziri wa mambo ya nje, Jenis av Rana, kiongozi wa Miðflokkurin, kufuatia matamshi yake kuhusu mashoga. Chama kikajitoa, 17 ikawa 15, na uchaguzi ukaitishwa tarehe 8 Desemba.

Baada ya hapo Aksel V. Johannesen wa Javnaðarflokkurin akajumlisha 9 zake, 6 za Tjóðveldi na 3 za Framsókn, akapata 18. Ndiyo meza aliyokueleza jamaa yako. Javnaðarflokkurin na Tjóðveldi wanaafikiana kuhusu mgawanyo wa mapato, Tjóðveldi na Framsókn kuhusu madaraka zaidi kutoka Copenhagen. Kwa jicho la mtu aliyezoea vyama vya kulia na kushoto ni mseto wa ajabu. Kwa Mfaroe ni wa kawaida kabisa. Na mbunge akiteuliwa waziri anaachia kiti chake, kinakaliwa na anayemfuata kwenye orodha. Mtanzania, ambaye waziri wake lazima awe mbunge, hapo atashangaa. Mkenya hatashangaa sana.

La mwisho, kwa kuwa unaishi Denmark: Faroe huchagua pia wabunge wawili wa bunge la Copenhagen. Mwaka 2022 Denmark ilipiga kura tarehe 1 Novemba, lakini Faroe walipiga siku moja kabla, maana tarehe hiyo ni ya kuwakumbuka waliopotea baharini. Usiwadharau hao wawili. Kambi ya Mette Frederiksen, waziri mkuu wa Denmark wakati huo, ilipata viti 87 ndani ya Denmark yenyewe, na wingi katika bunge la watu 179 ni 90. Greenland, ambayo nayo huchagua wawili, ilileta viwili. Cha tisini kilikuwa cha Sjúrður Skaale, wa Javnaðarflokkurin.