Begi la Kwenda Mtae: Kwa Wanaopanda Usambara Mara ya Kwanza

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa Lushoto kuna baridi, anabeba sweta. Hapo kapatia. Ila kinachowatesa wageni wengi kule juu ni maji: jasho la kupanda, umande wa majani yanayokugusa mapajani, na ule ukungu wa Magamba unaolowesha bila hata tone moja la mvua kudondoka. Mtu mkavu mwenye sweta jepesi analala vizuri. Mwenye sweta zito lililolowa anakesha.

Nazungumzia safari ya miguu kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga, ya kutoka Lushoto mpaka Mtae, ile ya siku tatu: siku ya kwanza mnapita msitu wa Magamba na kulala Lukozi, ya pili mnakwenda Rangwi, ya tatu mnatokea Mtae. Si njia ya kutisha. Hakuna mahali pa kukwea kwa kamba, na kimo chake si cha kumwumiza mtu kichwa. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msituni mnapita kidogo mita 2,000. Lakini kila mkipanda mita 1,000 joto hushuka kwa kadiri ya nyuzi 6, kwa hiyo Juni mpaka Agosti usiku wa huko si wa shuka moja. Kinachowadanganya watu ni Mombo, mji wa chini ya mlima. Gari linapopinda pale kuacha barabara kuu, jua ni kali, kila mtu yuko na fulana, na mtu anaanza kujiuliza lile jaketi kalibebea nini.

Sehemu kubwa ya njia ni vijiji na mashamba ya kabichi na viazi. Mnalala kwenye nyumba za wageni, mnakula kwa mama ntilie. Kwa hiyo hema acha. Sufuria acha. Godoro la kupuliza acha pia, hata kama umelinunua kwa bei na unatamani kulionyesha.

Sasa nguo. Gawa mafungu mawili: ya kutembelea na ya kulalia. Fungu la kulalia halifunguliwi mpaka mmefika mnapolala, hata ulowe vipi njiani. Humo weka suruali ya truksuti, fulana ya mikono mirefu, jaketi la flisi (kile kitambaa chepesi chenye manyoya laini), soksi nene na kofia ya kufunika masikio. Ukifika, unavua kila kitu chenye unyevu, unajifuta, unavaa hizo. Asubuhi unazivua, unazirudisha begini na kuvaa tena zile mbichi za jana. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Soksi yenye unyevu saa kumi na mbili asubuhi, Lukozi, haina mjadala, ni adhabu. Mtu anajihurumia, anaondoka na zile kavu, na kufikia mchana hana kitu kikavu hata kimoja. Vumilia dakika kumi za mwanzo. Mkianza mlima mwili unapata moto na nguo zinaanza kukaukia mwilini.

Zitakauka kama si za pamba. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: ikilowa inakuwa nzito, inabana magoti, na hata jua likitoka haikauki siku hiyo. Fulana nene ya pamba nayo ni hivyo hivyo. Huna haja ya kwenda duka la watalii. Jezi ya mpira ni polista tupu, nyepesi, inafuliwa jioni na asubuhi inakaribia kukauka, na karibu kila nyumba Tanzania inayo. Suruali ya kitambaa chembamba cha michezo inatosha. Ndani vaa taiti fupi badala ya chupi yenye mshono katikati ya mapaja, na pakaa mafuta ya mgando mahali panaposuguana kabla hapajaanza kuuma. Pakiisha kuuma pameshakuwa jeraha.

Viatu ndivyo vinavyostahili hela yako, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana wengi wetu tunanunua mitumba. Soko la Karume kwa watu wa Dar, Memorial kwa watu wa Moshi, Gikomba kwa wenzetu wa Nairobi, yote yana mabuti mazuri ya mlimani kwa bei ndogo sana kuliko mapya. Tatizo halionekani kwa macho. Kati ya ngozi ya juu na mpira wa chini kuna tabaka la sponji, na aina fulani ya sponji hiyo huoza yenyewe kwa unyevu wa hewa miaka inavyopita, hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Ndiyo maana unakuta buti linang'aa, kamba mpya, soli ina meno yote, halafu siku ya kwanza njiani soli inabanduka nzima. Hilo buti jipya jipya ambalo halijavaliwa ndilo la kuliogopa kuliko lililochakaa kidogo.

Ukiwa sokoni, kunja kiatu kwa mikono miwili mpaka kidole na kisigino vikaribiane, kisha tazama ubavuni. Ukiona nyufa ndogondogo, rudisha. Bonyeza sponji kwa ukucha; ikibonyea na kubaki na alama, au ikitoa unga, rudisha. Kikipita hapo, mpelekee fundi viatu akishone soli kuzunguka kiatu chote. Uzi wa fundi ni bima kuliko gundi yoyote, ingawa maji yatapenya kidogo kwenye matundu ya sindano. Mguu wenye maji kidogo unatembea. Kiatu kisicho na soli hakitembei.

Kuhusu saizi: vaa soksi utakayotembelea, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na uhakikishe kidole chako cha mkono kinaingia nyuma ya kisigino. Njia ina materemko, na kwenye kuteremka kiatu kinachobana huua kucha za vidole vikubwa. Kivae kwenda kazini wiki mbili kabla. Gambuti wenyeji wanavaa shambani na watakuambia zinatosha. Kwao zinatosha kweli, ila mtu asiyezizoea zitamchuna mundi kabla ya saa sita. Jioni jaza viatu gazeti, badilisha gazeti kabla ya kulala. Usiviweke karibu na jiko la mkaa. Gundi ikipata joto inaachia, na ngozi inakakamaa.

Beba pia ndala au yeboyebo za kuvaa jioni. Miguu inahitaji hewa, na choo cha nje usiku ukiwa umevaa mabuti yaliyolowa ni mateso ya bure.

Begi lenyewe liwe la kama lita 35 au 40, lenye mkanda wa kiunoni, na mkanda huo uufunge. Uzito ukae kwenye nyonga, mabega yashike tu. Vitu vizito viweke karibu na mgongo, usawa wa katikati. Ukiwa na lita 2 za maji tayari umebeba kilo 2, kwa hiyo vitu vingine vyote visizidi kilo 6. Peleka begi kwa muuza nafaka mtaani akupimie kwenye mizani yake. Atakucheka, lakini utajua.

Begi la mitumba halizuii maji, hata kibandiko kiseme nini. Zamani tulikuwa tunafunga nguo kwenye mifuko ya rambo. Ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na Kenya walitangulia 2017. Kiroba cha salfeti peke yake hakifai, kwa sababu ni cha kufumwa na maji yanapita. Kuna mifuko maalumu ya kukunja mdomo, ni mizuri ukiipata. La sivyo nunua nailoni nzito ya kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, inayouzwa kwa mita, itandaze ndani ya begi, weka fungu la kulalia, kunja mara tatu na ufunge kwa mpira. Simu na pawa benki viweke humo humo.

Kwa mvua, koti la bodaboda linazuia maji ya nje lakini ukipanda nalo unalowa jasho mpaka chini, kwa hiyo livae mkiwa mmesimama au kwenye mteremko. Barabarani kati ya kijiji na kijiji mimi nabeba mwavuli. Najua wapanda milima wanaojiona wanaucheka. Angalia wenyeji wanavyotembea Julai, halafu ucheke tena.

Vitu vidogo: tochi ya kichwani yenye betri mpya, plasta pana za malengelenge (bandika mara unapohisi joto kisiginoni, usisubiri), chumvi ya kuongeza maji mwilini, vidonge vya kutibu maji, karatasi za chooni, kibiriti. Soksi ndefu ya kuchomekea suruali, kwa sababu siafu wakivuka njia hawaombi ruhusa. Fimbo usibebe kutoka nyumbani. Kiongozi wa njia atakukatia au kukuazima. Huyo kiongozi muwe naye, wa pale pale Lushoto, na kibali cha kuingia msituni mshughulikie mapema.

Kanga au kikoi usiache. Ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, na kwa wanawake ni kitu cha kujifunga juu ya taiti mnapoingia kijijini. Usambara ni nchi ya watu wenye heshima zao; mzee akikusalimia mlangoni kwake, usimjibu ukiwa umevaa kama uko ufukweni. Pedi beba za kutosha hata kama si siku zako.

Usiku wa mwisho, Mtae, panga begi kabla ya kulala. Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka alfajiri mno, giza bado, na taa chumbani si jambo la kutegemea. Tochi iwe kichwani au mkononi, si ndani ya begi. Siku hiyo ndiyo pekee nguo za kulalia zinaruhusiwa kuvaliwa nje, maana basini baridi inaingia kila dirisha. Jezi iache juu kabisa ya begi. Mkifika Mombo mtaihitaji.