Muulize Mwalimu: Nani alimpa nani ufalme?

*Shikamoo Mwalimu. Mwaka 2023 tulitazama kwenye televisheni Mfalme Charles wa Uingereza akitawazwa. Ilipofika zamu ya kumpaka mafuta wakamzungushia viwambo vya kitambaa tusione. Shemeji yangu, ambaye ni katekista, akasema desturi hiyo aliianza Clovis, mfalme wa Wafranka waliotawala nchi ambayo leo ni Ufaransa, na tangu hapo wafalme wa Ulaya wakawa chini ya Papa. Mimi nikasema mwenye jeshi hawezi kuwa chini ya asiye na jeshi. Tuamulie.* – Msomaji, Bukoba

Marahaba. Mmekosea wote wawili, ila shemeji yako kakosea kwa namna inayofundisha zaidi.

Clovis alibatizwa na Askofu Remigius pale Reims, karibu na mwaka 500. Alibatizwa tu. Ufalme alikuwa nao tayari, kwa kurithi na kwa shoka. Kisa cha njiwa aliyeshuka kutoka mbinguni na chupa ya mafuta kwenye ubatizo huo kilipewa uzito na Hincmar, askofu mkuu wa Reims, zaidi ya miaka 300 baadaye, alipomtawaza mfalme Charles Mwenye Upara mjini Metz mwaka 869. Hincmar alikuwa na lake: alitaka kanisa lake liheshimiwe kuliko mengine yote. Alifanikiwa. Wafalme wa Ufaransa waliendelea kupakwa mafuta ya chupa hiyo kwa karne nyingi, mpaka wanamapinduzi walipoivunja hadharani mwaka 1793.

Hata Wafranka si wa kwanza. Wavisigothi wa Hispania walimpaka mafuta mfalme wao Wamba kule Toledo mwaka 672. Lakini Wafranka ndio walioifanya desturi hii ienee, na walikuwa na shida iliyowasukuma.

Ukoo wa Clovis, yaani Wamerovingi, ulitambulikana kwa nywele ndefu ambazo hazikukatwa. Kufika karne ya 8 nywele ndizo zilizobaki. Jeshi, hazina na maamuzi vilikuwa kwa msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme, na cheo hicho kilikuwa mikononi mwa ukoo mwingine. Pippin, aliyekishika wakati huo, alikuwa na kila kitu isipokuwa damu ya kifalme. Akawatuma Burchard, askofu wa Würzburg, na Fulrad, abati (mkuu wa monasteri) wa Saint-Denis karibu na Paris, kwenda Roma kumuuliza Papa Zakaria: je, ni sawa mtu aitwe mfalme na huku hana nguvu yoyote? Swali la namna hiyo huulizwa na mtu anayejua atakachojibiwa. Papa akasema ni afadhali mwenye nguvu ndiye aitwe mfalme. Mwaka 751 Childeric III akanyolewa zile nywele na kufungiwa monasterini, na Pippin akapakwa mafuta na maaskofu wake, kama Samweli alivyomfanyia Daudi wakati Sauli yu hai bado.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana Papa naye alikuwa na moto nyumbani. Mwaka huohuo Aistulf, mfalme wa Walombardi wa kaskazini mwa Italia, aliuteka mji wa Ravenna na kuanza kuitolea macho Roma. Kaisari wa Konstantinopoli, aliyepaswa kuilinda, hakuleta msaada. Papa Stefano II akavuka milima ya Alpi wakati wa baridi, jambo ambalo hakuna papa aliyewahi kulifanya, akakutana na Pippin pale Ponthion tarehe 6 Januari 754.

Ulichokuwa ukibishania na shemeji yako kimo katika siku hizo. Waandishi wa Roma wanasema Pippin alishuka farasini, akasujudu, kisha akatembea kwa miguu kando ya farasi wa Papa kama mtumishi wa zizi. Waandishi wa Kifranka wanasema ni Papa na makasisi wake waliojipaka majivu, wakaanguka mbele ya mfalme wakiomba msaada. Watu walewale, mahali palepale, na kila upande ukaandika kwamba mwenzake ndiye aliyepiga magoti. Mimi sioni sababu ya kuukana upande wowote. Huenda wote wawili walipiga, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mwandishi akaikumbuka zamu iliyompendeza.

Tarehe 28 Julai, Papa akampaka Pippin mafuta tena huko Saint-Denis, pamoja na wanawe wawili. Pippin naye akalipa deni: aliwapiga Walombardi mara mbili, na mwaka 756 Fulrad akaweka funguo za miji iliyotekwa juu ya kaburi la Mtume Petro. Hapo ndipo mapapa walipopata nchi ya kutawala, wakaitawala mpaka mwaka 1870.

Kuhusu hoja yako ya jeshi, msome Louis Mcha Mungu, mjukuu wa Pippin. Watu humkimbilia baba yake, Charlemagne, na taji la ukaisari alilovishwa na Papa Krismasi ya mwaka 800, lakini kwa maoni yangu Louis ndiye anayeonyesha bei ya yale mafuta. Alikuwa na wana watatu wakubwa. Kisha mke wa pili, Judith, akamzalia Charles (ndiye huyo Mwenye Upara), na kila alipojaribu kumkatia mtoto huyu sehemu ya urithi, wakubwa walikuja juu. Mwaka 833 majeshi mawili yalikutana karibu na Colmar, Papa Gregori IV akiwa upande wa wana. Vita havikupiganwa. Usiku baada ya usiku askari wa Louis walihamia kambi ya pili, hadi akabaki na wachache. Mahali hapo pakaja kuitwa Uwanja wa Uongo.

Kumuua baba yao wasingeweza. Basi maaskofu wakatoa njia: mfalme aliyepakwa mafuta ana kazi mbele ya Mungu, na akiiharibu, Kanisa litamhukumu kama mwenye dhambi mwingine yeyote. Katika kanisa la Saint-Médard, Soissons, Louis aliungama hadharani, akavua mkanda wa upanga, akauweka altareni na kuvaa nguo ya toba. Aliyesimamia shughuli hiyo ni Ebbo, askofu mkuu wa Reims, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru na kupandishwa cheo na Louis huyohuyo. Mwandishi Thegan hakumsamehe: alimwandikia kwamba mfalme alikupa uhuru, ila uungwana hakuweza kukupa.

Mwaka uliofuata wana walikorofishana, Louis akarudi kitini, na mwaka 835 Ebbo akavuliwa uaskofu. Kwa hiyo jeshi lilihesabika, bwana wangu. Lakini jeshi la Louis liliyeyuka kabla maaskofu hawajafungua kinywa, na walipofungua, walikuwa na maneno ambayo babu yake mwenyewe aliwapa.

*Mwalimu, ni kweli Charlemagne alibatiza watu kwa upanga?* – Msomaji, Mombasa

Kweli. Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo, walipambana naye kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 782, kule Verden, kumbukumbu za ikulu yake zinasema 4,500 walikatwa vichwa siku moja. Wako wanaoitilia shaka hesabu hiyo, lakini iliandikwa na watu wake mwenyewe, wala si na maadui. Sheria aliyowawekea iliamuru kifo kwa anayekataa ubatizo, na kwa anayekula nyama wakati wa Kwaresima kwa kuudharau Ukristo.

Aliyemkemea alikuwa mtu wake wa karibu, mwanachuoni Alcuin kutoka York. Alisema mtu huvutwa kwenye imani, hasukumwi, na kwamba zaka ndiyo iliyowafanya Wasaksoni waichukie dini. Zaka hiyo haikuwa sadaka ya hiari. Charlemagne aliifanya sheria mwaka 779, na jembe la Msaksoni halikusamehewa.

*Shikamoo. Huyo Charlemagne ni mtakatifu au si mtakatifu? Nimeona amechorwa na duara la utukufu kichwani.* – Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Mwaka 1165 Kaisari Frederick Barbarossa alitaka mtangulizi wake awe mtakatifu, na aliyemtangaza ni Paskali III, papa aliyewekwa na Frederick mwenyewe kumpinga papa halali. Roma haikulithibitisha tangazo hilo, lakini pia haikuwazuia watu wa mji wa Aachen, Ujerumani, alikozikwa, kumheshimu. Kwa upande wa mwenendo, Einhard, aliyemjua, anataja wake kadhaa na masuria, na binti ambao baba yao hakukubali waolewe kwa sababu hakuweza kuishi bila wao. Wajukuu walizaliwa hivyohivyo. Aachen bado humkumbuka kila tarehe 28 Januari, siku aliyofariki mwaka 814.