Pikipiki inadunda kwenye mawe ya Goma? Usikimbilie oili nzito

Ukitoka kwenye lami ukaingia mitaa ya Ndosho au Majengo, chini ni lava iliyoganda. Tairi halizami kama kwenye matope, linagongwa, na mapigo yanakuja mfululizo: la kwanza halijaisha, la pili limefika. Hapo ndipo Boxer au TVS inapoanza kuyumba usukani, kugonga chini ikibeba abiria, na kuruka pembeni kwenye kona. Dawa inayotolewa haraka ni moja: mwaga oili ya foku (miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu), tia nzito, hata ile ya injini, 20W-50. Dawa hiyo mara nyingi inazidisha ugonjwa.

Springi na oili zina kazi mbili. Springi inabeba uzito. Oili inaizuia springi isiende kasi, kwa kulazimishwa kupita kwenye matundu madogo ndani ya foku. Oili ikiwa nzito mno, foku inashuka kwenye jiwe la kwanza, na kabla haijarudi inakutana na la pili, halafu la tatu, mpaka inabaki imefupika. Sasa tairi linarukaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, mikono inakufa ganzi, na motari, dereva wa pikipiki, analalamika kuwa springi ni ngumu. Springi haina kosa.

Kabla ya kutoa hela, kagua. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gogo chini ya injini hadi gurudumu la mbele lining'inie. Shika foku kwa chini, vuta na kusukuma. Ukisikia "tok", bolingi za shingo, pale usukani unapozungukia, zimelegea. Kisha geuza usukani polepole. Ukinasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, bolingi zimeliwa, zibadilishe, kukaza hakutasaidia kitu. Nyuma, sukuma gurudumu kushoto na kulia kutafuta mchezo wa bushi za mkono unaoshika gurudumu hilo. Pima pia upepo wa tairi: karibu bar 1.75 mbele, 2 nyuma ukiwa peke yako, 2.25 ukibeba mtu. Amortisa mpya (springi na oili za nyuma) juu ya bushi zilizokufa ni hela iliyotupwa.

Baada ya hapo pima pikipiki inazama kiasi gani. Funga kamba ndogo ya plastiki kwenye bomba la foku, isukume hadi kwenye sili, mpira unaozuia oili kuvuja, panda taratibu na mzigo wako wa kila siku, shuka taratibu, kisha inua mbele foku irefuke yote. Umbali kati ya kamba na sili ndio mzamo. Foku yenye mwendo wa milimita 120 inatakiwa kuzama 30 hadi 40. Ikizidi hapo, kata kipande cha bomba la PVC cha milimita 10, kingo zikiwa zimenyooka kabisa, ukiweke juu ya springi na wosha katikati. Usipite 20. Kipande hicho hakiifanyi springi kuwa ngumu, kinainua pikipiki tu. Kama bado inagonga chini, springi yenyewe ni laini kwa mzigo wako. (Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inapita njia hizohizo bila springi hata moja, lakini anayeisukuma anakwenda kwa miguu.)

Kubadilisha oili kunataka uvumilivu. Legeza kwanza bolti ya juu inayobana bomba, ndipo ulegeze kifuniko cha juu kwa nusu mzunguko, foku ikiwa bado mahali pake. Ukiitoa kabla, utahangaika kuishika. Kifuniko kikikaribia kutoka kiegemee kwa kiganja, maana springi inasukuma. Toa springi, pindua foku, ipampu mara kumi, iache ichuruzike dakika 20. Oili ikitoka na rangi ya fedha, kuna chuma kinalika ndani. Tia oili ya foku ya 10W, au 15W kama unabeba watu siku nzima, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha modeli yako, ukipima kwa sindano kubwa ya hospitali. Pampu polepole hewa itoke. Halafu, springi ikiwa nje na foku imeshushwa yote, pima kwa rula kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye oili. Miguu yote miwili ilingane. Ukipandisha oili milimita 10, hewa inayobaki juu inapungua, na foku inakuwa ngumu pale mwisho wa mwendo tu, ambapo ndipo ilipokuwa ikigonga.

Nyuma hakuna mengi ya kutengeneza, kwa kuwa amortisa nyingi za pikipiki hizi hazifunguliwi. Kandamiza kiti kwa nguvu, achia. Ikipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Ikidunda mara mbili tatu, oili yake imekwisha, na kuzungusha pete ya kukazia springi kutaongeza tu kudunda. Nunua jozi, kamwe usinunue moja. Pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi la chini. Ukizidisha milimita 20, pua inainama, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na stendi inakuwa fupi. Zile zenye kitanki pembeni zisikudanganye, nyingi za bei ndogo kitanki ni pambo. Ukimaliza, rekebisha mnyororo mtu akiwa amekaa juu.

Vumbi la lava linakata kama msasa: visha foku soksi za mpira, na futa bomba kila jioni kwa kitambaa kikavu.

Wakati wa kurudisha gurudumu la mbele, usikaze ekseli mwanzoni. Ishushe pikipiki chini, shika breki ya mbele, kandamiza foku mara tano sita ili miguu ijipange yenyewe, ndipo ukaze. Foku iliyokazwa ikiwa imepinda kidogo inakwama njiani, na utadhani ni ile oili mpya.