Kifaranga ya njano haimaanishi ni kuku ya nyama

Mwaka jana nilinunuaka vifaranga 50 hapa Goma, kwa mtu mwenye alikuwa anaziuza ndani ya karto upande wa Petite Barrière, kule mpaka na Rwanda, zote njano safi, akaniambia "papa, hii ni kuku ya nyama, wiki sita tu unachinja". Sikuuliza kitu, juu nilikuwa najua kuku ya nyama inazaliwaka njano, na kwa akili yangu hiyo ilitosha. Nikalipa, nikaita chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma, ibebe mifuko mbili ya chakula, nikarudi Majengo na furaha yote.

Wiki sita zikafika. Miguu ndefu, nyembamba, kilemba nyekundu kichwani, kutwa zinapigana, moja ikaanza kujaribu kuwika! Nikaweka moja kwa mizani: gramu 600 hivi, wakati kuku ya nyama ya kweli wiki ya sita inapita kilo mbili. Bibi yangu akaangalia mifuko tupu ya chakula, akaniangalia mimi, hakusema kitu.

Kumbe zilikuwa za kiume za kuku ya mayai. Chukua Isa Brown, ile yenye watu wengi wanafuga kwa mayai: baba ni mwekundu, mama ni mweupe, na ule weupe wa mama unaenda kwa watoto wa kiume tu, njo wanatoka njano, wa kike wanabaki na wekundu ya baba, wanatoka kahawia. Njo maana siku ya kwanza tu wanawachagua kwa rangi, za kahawia zinaenda kwa wafugaji wa mayai, zile za njano hazina kazi kwao, zitataga nini? Basi zinaishia kwa karto, kwa mtu kama mimi. Na Leghorn nayo, yenye inatagaka mayai meupe, inazaliwa njano, ya kike na ya kiume sawa.

Sasa utajuaje? Siku ya kwanza ni nguvu kabisa, sikudanganyi. Zote zina gramu 40 hivi, uzito inafuata ukubwa wa yai. Kuku ya nyama iko na miguu minene kidogo na kifua pana lakini jicho inadanganyika. Mi nangojaka siku ya saba njo napima kumi kwa mizani ya jikoni: ya nyama imefika zaidi ya mara nne ya uzito wa kuzaliwa, inakaribia gramu 180 ao zaidi, ya mayai iko ku 65 ao 70 hivi. Hapo hakuna tena mabishano. Ila zisipigwe na baridi, usiku wa Goma unaujua, wiki ya kwanza zinataka joto ya digrii 32 hivi, mbabula, jiko ya makaa, ikizimika saa nane ya usiku hata kuku ya nyama haitakua na utalaumu muuzaji bure.

Za rangi rangi ni habari ingine. Ukiona karto moja iko na za kahawia, nyeusi, zenye michirizi mgongoni, zote pamoja, inaweza kuwa Kuroiler, ile aina ya nyama na mayai pamoja, ao ya kienyeji tu, na ya kienyeji usiitafutie jina. Nyeusi yenye doa nyeupe kichwani mara nyingi iko na damu ya Plymouth Rock, ile ya mistari. Yenye shingo haina manyoya, hiyo unaiona palepale ikitoka kwa yai, haingojee kukua. Vidole vitano badala ya vine? Ile ya manyoya laini kama pamba, Silkie, iko hivyo, lakini mi hapa sijaiona kwa karto hata siku moja.

Siku hizi swali langu la kwanza kwa muuzaji ni: wazazi wako wapi, na za kahawia zao ziko wapi? Akisema za kahawia zimeisha jana, namuachia karto yake.